MASHINE BILA MAFUNZO NI MZIGO JUU YA MWALIMU



Leo twataka kusema habari za kompyuta mashuleni. Pengine mtu wa bandarini, wa kiwandani, wa hotelini au wa matatu atasema kwamba jambo hili ni la walimu peke yao, akaiweka karatasi hii kando. Twamwomba asiiweke. Mtoto anayesoma katika shule ya serikali kule Mtongwe, Mwakirunge au Chaani ni mtoto wa mfanya kazi. Mtoto wa mwenye mali ana kompyuta nyumbani na ana nyingine shuleni. Mtoto wetu akikosa kuishika shuleni, basi pengine hataishika mpaka siku ya kwenda kuomba kazi, na siku hiyo ataulizwa kama anaijua.

Neno letu ni hili. Chombo cha kazi ni juu ya tajiri, na mafunzo ya chombo hicho pia ni juu ya tajiri. Mwalimu asidaiwe kujua mashine ambayo hakufundishwa, wala asitoe fedha za nyumbani kwake ili aifanye kazi ya serikali. Na mafunzo atakayopewa yawe ya shule aliyo nayo, yenye vifaa vichache na watoto wengi, yasiwe ya shule tunayoonyeshwa katika picha.

TULICHOPEWA

Mwaka 2013, wakati wa uchaguzi, Jubilee iliahidi kwamba kila mtoto anayeingia darasa la kwanza atapewa kompyuta ya mkononi. Zabuni ya kwanza ikavunjika, miaka ikapita, na vifaa havikuanza kufika mpaka mwaka 2016. Vilipofika havikuwa kompyuta bali vishikwambi. Kazi ilipewa Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia, wakishirikiana na makampuni ya ng'ambo. Ilijaribiwa kwanza katika shule 150, kisha ikaenezwa. Kwa jumla vilitolewa vifaa zaidi ya milioni moja katika shule za msingi zaidi ya 20,000. Pamoja na vishikwambi vya watoto zilikuja kompyuta mbili za walimu, projekta, na sanduku la kuwekea masomo ambalo huyarusha hewani ndani ya darasa hata kama hakuna intaneti. Shule nyingi ziliingiziwa umeme kwa ajili ya mpango huu. Hatuukatai wema huo, maana mpaji wa haki hukiri alichopokea.

Lakini tazameni mambo yalivyokwenda. Watoto waliokuwa darasa la kwanza mwaka 2016 ndio waliofanya mtihani wa mwisho wa KCPE mwaka 2023. Wametoka, na wengine wameingia nyuma yao mwaka baada ya mwaka. Vifaa ni vile vile. Betri huzeeka. Vioo hupasuka. Joto la pwani na hewa ya chumvi havimwonei huruma mtu wala mashine. Hata mtaala nao ulibadilika: vifaa viliingia wakati wa 8-4-4, na Januari 2019 mtaala wa umilisi ukaanza nchi nzima. Mwalimu aliyekuwa ameanza kuzoea njia moja akaambiwa ashike nyingine.

Na mafunzo je? Katika kila shule waliitwa walimu wachache, kwa siku chache, kisha wakaambiwa warudi wakawafundishe wenzao. Hiyo ndiyo njia ya kumimina maji kutoka kikombe hadi kikombe: cha kwanza kimejaa, cha pili nusu, cha tatu unyevu tu. Tena mwalimu ni mtu wa kuhamishwa. Akihamishwa yule mmoja aliyefundishwa, ujuzi waondoka naye, na kinachobaki ni ufunguo wa stoo. Mwalimu mkuu aogopa kuifungua stoo hiyo, maana kikiibwa kifaa kimoja ni yeye atakayeandika barua. Basi vifaa hulala humo vikiwa salama kabisa, na mtoto hasomi kitu.

KAZI IMEHAMIA KWENYE MASHINE

Mtu aweza kusema: ikiwa vifaa vimelala, basi mwalimu amebaki na chaki yake kama zamani, hasara iko wapi? Hasara ni kwamba vishikwambi vimelala, lakini ofisi hazikulala. Kazi ya ualimu yenyewe imehamishiwa kwenye mashine, pole pole, bila ya kuulizwa yule anayeifanya.

Kupimwa kazi kwa mwalimu, kule kunakoitwa TPAD, sasa kwajazwa kwa intaneti. Habari za watoto, jina kwa jina, zatakiwa kuingizwa katika mitambo ya wizara. Hati ya mshahara yatazamwa huko huko. Tena kuna tathmini za shuleni. Baraza la Mitihani, KNEC, huziweka kazi za tathmini katika tovuti yake. Shule yapaswa kuzitoa huko, kuzichapa, kuwapa watoto, kusahihisha, kisha kuzirudisha alama za kila mtoto katika tovuti ile ile kabla ya siku iliyotajwa. Hili si jambo dogo. Ulipoanza mtihani wa KPSEA wa Gredi 6 mwaka 2022, ilipangwa kwamba asilimia 60 ya alama zitoke katika tathmini za shuleni za Gredi 4, 5 na 6, na asilimia 40 tu zitoke katika karatasi ya mwisho. Maana yake, mwalimu akikosea kuingiza alama, au tovuti ikikwama siku ya mwisho, ni mtoto wa mfanya kazi anayeumia.

Sasa mwalimu huyu aifanyia wapi kazi hiyo? Kompyuta ya shule, ikiwa ingali nzima, iko ofisini, na yangojewa na walimu wote. Intaneti ya shule ni ya kubahatisha. Basi hutoka jioni akaenda saiba, Magongo au Likoni, akalipia dakika, akalipia kuchapa, na tovuti ikikataa hulipia tena kesho yake. Au hutumia simu yake mwenyewe na bando yake mwenyewe, akiingiza alama za watoto sitini kwa kidole kimoja usiku, watoto wake wakiwa wamelala. Asiyeijua mashine vizuri humpa kijana wa saiba neno lake la siri amfanyie, na hivyo siri za watoto wetu na za mwalimu zimo mikononi mwa mtu wa njiani. Hakuna anayemlaumu kijana yule. Amefanya kazi ambayo mwenyewe hakufundishwa kuifanya.

Twauliza: karani wa bandari huja na karatasi zake za kuchapia kutoka nyumbani? Dereva wa basi hujinunulia mafuta ya gari la tajiri? Kama sivyo, mbona mwalimu?

Serikali huipa shule ya msingi Sh. 1,420 kwa mtoto mmoja kwa mwaka mzima. Katika fedha hizo mtoto anatakiwa kupata vitabu, madaftari, chaki, maji, umeme na matengenezo. Mwenye kujua hesabu na aitoe humo intaneti ya mwaka na karatasi za tathmini, kisha atuonyeshe kilichobaki.

ANAYETAKIWA KULIPA NI NANI?

Sheria ya TSC ya mwaka 2012, kifungu cha 35, yamtaka mwalimu ajiendeleze katika kazi yake. Sisi hatulipingi neno hilo. Mwalimu asiyejifunza hafundishi, hurudia tu. Lakini sheria kumtaka mtu ajifunze ni jambo moja, na kumtoza ada ni jambo jingine.

Mwezi Septemba 2021 TSC ilizindua mpango wa kuendeleza ujuzi wa walimu. Mpango ulikuwa wa moduli kadhaa, kila moja ya miaka mitano, na mwalimu alitakiwa alipe Sh. 6,000 kila mwaka. Pigeni hesabu: Sh. 30,000 kwa moduli moja, na moduli si moja tu. Zilichaguliwa taasisi nne za kufundisha, bila ya walimu kushauriwa. Vyama vya walimu vilisimama vikapinga, na vilikuwa na haki. Ni kama kumwambia mtu: sharti uijue kazi tunayokupa, na kwa kuwa ni sharti, tulipe sisi.

Tuwatazame jirani zetu. Hapa Changamwe na Kilindini tumeona mashine zikiingia tangu zamani. Baba zetu walipakua meli kwa magenge, gunia begani. Makasha ya chuma yakaja na winchi kubwa zikaja. Mwaka 2008 bandari ikaanza kutumia mtambo wa kompyuta wa KWATOS katika kazi za makasha na mizigo. Wako waliopoteza kazi katika mabadiliko hayo, na machungu yake bado tunayakumbuka. Lakini hatujasikia dereva wa winchi akiambiwa apande juu bila kufundishwa, au afundishwe kwa fedha zake Jumapili. Kuna chuo cha bandari hapa hapa Mombasa kwa kazi hiyo. Reli mpya ilipofungua kituo chake Miritini mwaka 2017, baadhi ya madereva walikuwa wamepelekwa China kufundishwa kabla ya kushika usukani. Hakuna aliyesema hiyo ni anasa. Kila mtu alijua kwamba gari la moshi likiendeshwa na asiyejua, watu watakufa.

Mtoto asiyefundishwa vizuri hafi siku ile. Ndiyo maana hasara yake haionekani, na ndiyo maana haki ya mwalimu huahirishwa.

Wala dai letu si geni duniani. Tarehe 5 Oktoba 1966, katika mji wa Paris, mataifa yalikubaliana juu ya Pendekezo la Hali ya Walimu, lililotayarishwa na Shirika la Kazi Duniani pamoja na UNESCO. Kwa ajili ya siku hiyo twaadhimisha Siku ya Walimu kila mwaka. Humo imeelezwa kwamba mafunzo ya walimu walio kazini yapatikane kwa walimu wote bila malipo, na kwamba vyama vyao vishauriwe katika kuyapanga. Bila malipo! Maneno hayo yamekuwako tangu mwaka mmoja kabla TSC haijaundwa. Nayo TSC, ndugu zetu vijana wasisahau, ilipatikana mwaka 1967 kwa sababu walimu walikataa kutawanywa chini ya mamisheni na mabaraza mbali mbali. Walitaka tajiri mmoja wa kuzungumza naye. Tajiri huyo yuko, na sasa twazungumza naye.

FUNZO KUTOKA PERU

Kuna nchi nyingine iliyotutangulia katika njia hii. Peru, katika Amerika ya Kusini, ilianza kugawa kompyuta ndogo mashuleni mwaka 2008, laki kwa laki, hata katika vijiji vya milimani. Benki ya Maendeleo ya nchi za Amerika ikafanya uchunguzi katika shule 319 za vijijini, na mwaka 2012 ikatoa matokeo. Watoto walikuwa wamezizoea mashine, lakini katika hesabu na lugha hawakuonekana kuwapita wenzao wasiozipata. Mashine zilifika, bali ufundishaji ulibaki kama ulivyokuwa, maana mwalimu hakusaidiwa vya kutosha kuibadili kazi yake.

Hatusemi haya ili tuseme kompyuta haina faida. Twasema kwamba fedha ikiishia yote kwenye chombo, na mwenye kukishika akaachwa, chombo hakitafundisha.

MAFUNZO TUNAYOYATAKA

Hapa ndipo twataka kusema kwa urefu, maana mara nyingi vyama hulaumiwa kuwa vyajua kudai tu. Sisi tumo madarasani, na twajua kinachofaa.

Mafunzo mengi huandaliwa kama kwamba kila mtoto ana kompyuta yake na intaneti haikatiki. Mwalimu wa ng'ambo hukaa katika ukumbi mzuri siku tatu, akafundishwa mambo ambayo akirudi Bofu au Junda hawezi kuyafanya. Basi mafunzo na yaanze na swali hili: shule yako ina nini?

Tuseme ina vishikwambi kumi na watoto sitini. Mwalimu afundishwe kuligawa darasa katika vikundi, watoto sita kwa kifaa kimoja, kila mtoto na kazi yake: mmoja ashike, mmoja asome, mmoja aandike, mmoja atunze saa, wawili wahakikishe jibu, kisha wapokezane ili asiwe yule yule mwenye kushika kila siku. Au nusu ya darasa ifanye kazi ya daftari na nusu iwe na vifaa, halafu zibadilishane. Hii ni kazi ya ufundi. Haiji yenyewe, na mwalimu asiyeonyeshwa akijaribu mara moja akaona vurugu, hatajaribu tena.

Tuseme shule ina projekta moja na kompyuta moja tu. Afundishwe kutayarisha somo moja la dakika kumi, picha ya moyo unavyopiga au ya mto unavyochimba bonde, kisha azime mashine afundishe. Dakika kumi zilizopangwa vizuri zafaa kuliko saa nzima ya kuhangaika na nyaya.

Tuseme intaneti hakuna. Afundishwe kulitumia lile sanduku la masomo, ambalo halihitaji intaneti, na kuchukua masomo ya KICD mahali penye mtandao akayatumia mahali pasipo nao. Ziko programu za bure, kama ile iitwayo Kolibri, zilizotengenezwa kwa ajili ya shule zisizo na intaneti. Walimu wangapi wa Kisauni wameambiwa habari zake?

Tuseme hakuna kifaa hata kimoja. Hata hapo mwalimu ana la kufanya. Kule New Zealand, watu wa Chuo Kikuu cha Canterbury walitunga masomo ya kufundisha misingi ya kompyuta kwa kadi, kamba na chaki, bila ya mashine yoyote. Mtoto wa Likoni anayejua foleni ya feri inavyopangwa, magari huku na watu kule, aweza kufundishwa jinsi kompyuta inavyopanga kazi zake moja baada ya nyingine. Hilo halihitaji umeme, ila mwalimu aliyeonyeshwa njia.

Kadhalika kuna utunzaji. Betri ikiachwa tupu miezi mingi hufa. Ikiwekwa na chaji ya nusu na kuangaliwa kila mwezi hudumu. Ni vifaa vingapi vilivyokufa stooni kwa kukosa neno hili moja? Katika kila shule na afundishwe mtu wa kufuta vumbi, kubadili waya na kutambua kifaa kipi chafaa kupelekwa kwa fundi.

Wala tusiwasahau watoto walemavu. Ng'ambo ya Likoni kuna shule ya wasioona. Kwa mtoto asiyeona, kompyuta yenye programu ya kusoma kwa sauti ni mlango wa vitabu vyote ambavyo havijapigwa chapa ya nundu. Lakini mwalimu wake ahitaji mafunzo ya namna yake, tena marefu, si siku tatu za kila mtu.

WANAOTUPINGA

Wako wasemao: walimu wazee wanaiogopa mashine. Ndugu, hao hao wazee hutuma fedha kwa simu, husoma ujumbe wa chama kwa simu, na hupiga picha za harusi kwa simu. Mtu haiogopi mashine inayomfaa. Aiogopa ile atakayopimwa kwayo kabla ya kufundishwa, mbele ya wanafunzi wake.

Wengine husema: ajirini vijana, hao wanajua. Kijana ajua simu, ndiyo. Kujua simu si kujua kufundisha kwa simu, kama vile kujua kuogelea si kujua kuwafundisha watoto arobaini kuogelea bila mmoja kuzama. Na kijana mwenyewe, ambaye mara nyingi ameanza kwa kandarasi ya mshahara mdogo, ndiye asiye na fedha za bando.

Tena husemwa kwamba serikali haina fedha. Fedha ya vifaa zaidi ya milioni moja ilipatikana. Mafunzo ni sehemu ya bei ya chombo. Anayenunua mashua asinunue makasia, asije akasema mashua haiendi.

Na hapa twakumbushana jambo moja linalochoma. Nyaya za intaneti za chini ya bahari, zile za TEAMS na Seacom zilizofika mwaka 2009, zaingia Kenya kwa hapa hapa Mombasa. Mlango wa intaneti ya nchi uko pwani yetu, nayo shule iliyo maili chache kutoka pwani hiyo yakosa hata ya kutumia alama za watoto. Tukiambiwa kwamba ni umbali, tutauliza ni umbali wa kutoka wapi hadi wapi.

MADAI YETU

Mapatano ya 2025 hadi 2029 kati ya TSC na vyama vya walimu yalitiwa sahihi Julai 2025. Mshahara ndio uliozungumzwa kwanza, na ndivyo inavyofaa, maana tumbo halingoji. Lakini kazi ni pamoja na zana zake. Basi twataka mambo haya yaingizwe katika mazungumzo, na kila tawi liyasome mkutanoni:

1. Mafunzo yote ya kompyuta ambayo mwajiri anayataka yawe bila malipo kwa mwalimu, pamoja na nauli na chakula.

2. Yafanywe saa za kazi, au ikiwa ni wakati wa likizo, siku hizo zihesabiwe kuwa kazi. Mwalimu ana watoto kama watu wengine.

3. Yafanywe karibu. Chuo cha walimu cha Shanzu kiko Kisauni, na Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa kiko Tudor. Na mkufunzi avuke feri aende Likoni, shuleni penyewe, akafundishe kwa vifaa vilivyoko huko.

4. Yasiwe ya mara moja. Mkufunzi arudi baada ya mwezi, na baada ya muhula, aone darasani kinachofanyika. Na wafundishwe walimu wote wa shule, wasiwe wawili watatu tu.

5. Kazi yoyote inayotakiwa kufanywa kwa intaneti iwe na intaneti yake shuleni, iliyolipwa na anayeitaka. Pasipo nayo, mwalimu aruhusiwe kuleta kwa karatasi, na asipunguziwe alama za kazi kwa kuchelewa.

6. Vyama vishauriwe kabla ya kuchagua taasisi ya kufundisha, wala siyo baada ya kutangazwa gazetini.

Haya si madai makubwa. Ni yale yale anayopewa dereva wa winchi.

NA SISI WENYEWE

Tukidai kwa tajiri, tusikae mikono mapajani. Ujuzi mwingine tunao wenyewe na tunanyimana. Yuko mwalimu Changamwe anayejua kuingiza alama za darasa zima kwa nusu saa, na wa shule ya pili anakesha. Kila tawi lichague siku moja kwa mwezi, Jumamosi asubuhi, wenye kujua wakae na wasiojua, bila ya kuchekana. Anayejua kurekebisha betri aonyeshe. Anayejua kulipanga darasa la vikundi aeleze lilivyomfaulia na lilivyomshinda. Hili halimwondolei tajiri wajibu wake, na asije akalitumia kama udhuru. Ni wema baina yetu, na fedha yake yabaki deni juu yake.

Nanyi wazazi wafanya kazi, hudhurieni mikutano ya shule. Muulize: vifaa vyetu viko wapi? Vingapi vyafanya kazi? Mwalimu wa mtoto wangu amefundishwa lini, na na nani? Ulizeni kwa adabu, msimgombeze mwalimu mkuu, maana mara nyingi yeye naye amefungwa mikono. Jibu mtakalopewa mtuletee tawini, tuliandike. Tajiri hubisha maneno ya mtu mmoja, lakini akiletewa hesabu ya shule hamsini iliyoandikwa na wazazi wenyewe, atakaa chini asome.

Mwaka 1947 wafanya kazi wa Mombasa, wa bandari, wa reli, wa majumbani na wa mahotelini, waliacha kazi pamoja, ndipo serikali ya wakati ule ikaona sharti iusikilize mshahara wa Mwafrika. Hawakungoja kila mmoja apiganie lake. Leo hatuitani kwenye mgomo. Twaitana kwenye jambo lililo jepesi kuliko hilo: mwenye bandari, mwenye kiwanda na mwalimu wajue kwamba stoo iliyofungwa katika shule ya ng'ambo ni hasara yao wote watatu.

Mkutano wa tawi utakapoitwa, njooni na madai haya sita mkononi. Yachambueni, ongezeni, punguzeni. Kisha tuyapeleke mbele kwa sauti moja.

UMOJA NI NGUVU.